Bao katika Njia ya Tabora: Hukumu za Wageni na Ushahidi wa Majina

Wasafiri wa Ulaya walioandika habari za bara la Afrika Mashariki katika karne ya 19 hawakuipa michezo ya wenyeji nafasi kubwa. Mara nyingi mchezo hutajwa kwa mistari michache katika sura ya tabia za watu, baina ya ulevi na ngoma, na msomaji huipita upesi akitafuta habari za maziwa, milima na vita. Hata hivyo mistari michache yaweza kuwa na nguvu kuliko urefu wake. Richard Burton, aliyefika Unyanyembe mwaka 1857 na kukitoa kitabu chake The Lake Regions of Central Africa mwaka 1860, aliandika mistari ya namna hiyo juu ya Wanyamwezi na bao. Maelezo yake, kwa ufupi, ni haya: Wanyamwezi wanapenda mno kamari, mchezo wao wa kawaida ni kurusha jiwe bapa au kipande cha chungu na kukisia upande utakaolala juu, na wale miongoni mwao waliokwisha kustaarabika zaidi wamejifunza bao la watu wa pwani. Kisha akaongeza kwamba wengi wameingia utumwani kwa sababu ya kamari, baada ya kupoteza kila walichokuwa nacho.

Hukumu hii ina madai matatu. Dai la kwanza ni kwamba bao ni kitu cha pwani, kilichopelekwa bara kwa njia ya misafara. La pili ni kwamba kulijua bao ni alama ya ustaarabu uliopokewa kutoka kwa wengine. La tatu ni kwamba bao na kamari ni ndugu, na kwamba undugu huo humfikisha mtu utumwani. Makala haya yanakusudia kuyapima madai hayo, kwanza kwa kuutazama mchezo wenyewe, na pili kwa kuyasikiliza majina yake katika lugha za bara. Matokeo yake si kwamba Burton alisema uongo. Aliona jambo la kweli akalieleza vibaya, na maelezo yake yalifuata njia ileile ambayo wahakiki wengi wa bao waliifuata baadaye.

Tabora na njia yake

Njia ya kati ya misafara ilianzia pwani ya Mrima, Bagamoyo au Kaole, ikapita Usagara na Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi upande wa Tura, hata ikafika Unyanyembe. Hapo iligawanyika. Tawi moja lilielekea magharibi mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Jingine lilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Burton aliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, akafika Kazeh, makao ya Waarabu katika eneo la mji wa Tabora, tarehe 7 Novemba. Alikaa hapo zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuendelea magharibi, na aliporudi kutoka Ujiji mwaka 1858 alikaa tena miezi kadhaa.

Kukaa huko hakukuwa jambo la ajabu, kwa kuwa Tabora hapakuwa mahali pa kupita tu. Mizigo ilifunguliwa na kufungwa upya. Wapagazi waliomaliza kazi walilipwa, na wengine wakatafutwa. Mvua, vita na hongo viliweza kuuzuia msafara kwa wiki nyingi. Watu wa makabila mengi walikutana katika tembe na vivulini bila ya kazi ya haraka, na mahali pa namna hiyo ndipo michezo hupandwa na kukua.

Yafaa pia kukumbuka kwamba Wanyamwezi hawakukaa nyumbani wakingojea kufikiwa. Kabla ya wafanyabiashara wa pwani kujenga tembe zao Unyanyembe, misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikuwa imekwisha kuteremka pwani na pembe za ndovu. Burton mwenyewe alitambua kwamba kubeba mzigo mpaka pwani kulihesabiwa kwao kuwa ni dalili ya uanaume. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba bao lilipita katika njia hii, haitupasi kumfikiria mwalimu wa pwani anayepanda bara na mwanafunzi wa bara anayemngoja mlangoni. Yawezekana kabisa kuwa mwanafunzi ndiye aliyesafiri, akaona, akachagua, akarudi na alichokipenda.

Mchezo wenyewe

Bao la Kiswahili huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake. Kete ni 64, nazo kwa desturi ni komwe. Zikikosekana, hata vijiwe vyafaa. Mwanzoni kila mchezaji hutia kete sita katika nyumba yake, ambayo ni shimo la safu ya mbele, na mbilimbili katika mashimo mawili ya kulia kwa nyumba hiyo. 22 zilizobaki hukaa mkononi. Sehemu ya kwanza ya mchezo huitwa namua, na humo kila mchezaji kwa zamu yake huingiza kete moja ubaoni. Kete za mkononi zikiisha huanza sehemu ya pili, nayo ni ya mtaji. Mwenye nafasi ya kula hana budi kula. Asiyeweza kula hutakata. Kete ya mwisho ikiangukia katika shimo tupu, mchezaji hulala, na zamu inakwenda kwa mwenzake. Aliyemalizikiwa na kete za safu ya mbele ameshindwa, hata kama safu yake ya nyuma imejaa.

Ugumu wa bao hautokani na wingi wa sheria hizi. Unatokana na kwamba kila hoja yaweza kuzaa hoja nyingine ndani ya zamu ileile. Kete ya mwisho ikiingia katika shimo lenye kete, mkono huchota tena na kuendelea. Ikiwa zamu ni ya kula, na shimo la mpinzani lililoelekeana nalo lina kete, huliwa, na zilizoliwa huanza kugawiwa upya kutoka pembeni. Mchezaji bora ni yule anayeweza kuona mwisho wa mzunguko huo kabla mkono haujagusa kete. Tena ubao wote ubadilikapo kwa zamu moja, hesabu ya zamu iliyopita haifai kitu, na lazima aanze nyingine. Ndiyo maana watoto na wageni huanzishwa kwa bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mbilimbili tangu mwanzo, ili wapate kuzoea mzunguko kabla ya kuonja namua.

Katika yote hayo hapana dadu, wala karata iliyofichwa, wala kitu chochote cha bahati. Kila mchezaji huona kila kete iliyo ubaoni, na akishindwa hana wa kumlaumu. Hapa dai la tatu la Burton linapoteza nguvu. Kurusha jiwe bapa na kukisia upande wake ni mchezo wa bahati. Bao ni mchezo wa hesabu na kumbukumbu. Mtu aweza kuweka dau juu ya bao, kama awezavyo kuweka dau juu ya mbio za farasi, lakini dau hilo limo katika tabia ya mwenye kuliweka na si katika mchezo. Burton aliyaweka mambo mawili mbalimbali katika aya moja, kisha akayatolea hukumu moja.

Juu ya utumwa kuna jambo jingine la kupimwa. Mwenyeji wa Burton pale Kazeh alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Omani, aliyemtendea ukarimu mkubwa, na ambaye Burton mwenyewe alimtaja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa biashara ya pembe na watumwa. Katika Tabora ya mwaka 1857 utumwa ulikuwa na sababu zilizoonekana wazi: vita, njaa, madeni, na soko lililokuwa tayari kununua. Mtu aliyelala katika nyumba ya mwenye soko hilo, kisha akaeleza kwamba watu huingia utumwani kwa kupenda mchezo, amehamisha lawama kutoka kwa mnunuzi na kuitwika kwa anayenunuliwa.

Ushahidi wa majina

Dai la kwanza, la asili ya bao, ndilo linalohitaji uchunguzi mrefu zaidi, na hapa lugha ina la kusema.

Neno bao katika Kiswahili ni ukubwa wa ubao. Kwa asili halitaji kucheza, wala kuhesabu, wala kete. Linataja mti uliochongwa. Neno hilohilo hutumiwa kwa uaguzi, katika usemi kupiga bao. Majina ya namna hii, yatajayo chombo, kwa kawaida husafiri pamoja na chombo chenyewe. Kama watu wa bara walipata mchezo wa safu nne kwa mara ya kwanza kutoka kwa misafara ya pwani, tungetazamia kulikuta jina bao, kwa matamshi ya kila mahali, toka Unyamwezi hadi maziwa makuu na kuendelea.

Hali haiko hivyo. Wasukuma, ambao lugha yao na Kinyamwezi ni ndugu wa karibu sana, huuita mchezo wao wa safu nne isolo. Wazanaki, mashariki ya Ziwa Viktoria, husema soro. Nchini Rwanda ni igisoro. Waluba wa Kongo husema kisolo. Waila na Watonga wa Zambia husema chisolo, na kwingineko katika nchi hiyo husemwa nsolo. Washona wa Zimbabwe husema tsoro. Katika majina yote haya mzizi ni mmoja, -solo au -soro, kwa kadiri lugha inavyopendelea l au r. Kinachobadilika ni kiambishi cha ngeli na kawaida za sauti za kila lugha. Katika igisoro, kiambishi iki- kimekuwa igi- mbele ya s, kwa sheria ijulikanayo kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari aliyefanya kazi Unyamwezi na kuchapisha kamusi ya Kinyamwezi mwaka 1915. Katika tsoro, yaelekea sauti ya puani iliyokuwapo mbele ya s, kama ilivyo hata leo katika nsolo, imetoweka na kuacha alama yake katika ts.

Maana ya jambo hili ni kubwa. Neno lililopokewa juzi kutoka kwa jirani huonekana ugeni wake. Maneno yaliyopandishwa bara na misafara, kama kitabu, sabuni na bunduki, yangali na sura inayotambulikana popote yalipofika, na asili yake haihitaji mchunguzi. Mzizi -solo hauna sura hiyo. Umekaa katika kila lugha kama mtoto wa nyumbani: umevaa kiambishi cha lugha hiyo na kufuata sheria zake za sauti, tena katika eneo linaloanzia Ziwa Viktoria na kufika ng'ambo ya mto Zambezi, ambalo njia moja ya misafara haikuweza kulienea katika muda wa miaka hamsini au sitini. Jina la namna hiyo ni la kale kuliko tembe za Kazeh.

Mfano wa kinyume uko upande wa kusini. Nchini Malawi mchezo huu huitwa bawo, nao huchezwa kwa sheria zilizo karibu sana na za pwani. Njia ya kusini, kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, ilikuwa njia ya misafara kama ile ya Tabora. Huko jina lilifika pamoja na mchezo, likapata w ya katikati na kukaa. M. G. Sanderson alipoandika juu ya michezo ya nchi hiyo mwaka 1913, alikuta desturi iliyokwisha kuota mizizi. Basi tunajua bao la pwani linavyokuwa linapofika mahali na kuchukua nafasi: hufika na jina lake. Wasukuma kuendelea kusema isolo, katika nchi iliyopitwa na misafara mingi kama ile, si jambo la kupuuzwa.

Mtu mwangalifu ataleta pingamizi mbili, na zote zina haki ya kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba jina laweza kudumu huku mchezo ukibadilika chini yake. Wanaosema isolo hii leo huenda hawachezi kama walivyocheza babu zao. Ya pili ni kwamba neno halina tarehe. Hata mashimo yaliyochongwa katika mawe hayatutatulii shida hiyo. Katika magofu ya Khami, nchini Zimbabwe, mji uliokaliwa tangu karne ya 15 hadi ya 17, upo ubao wa tsoro uliochongwa katika mwamba, lakini mwamba hausemi ulichongwa na nani wala lini. Kwa hiyo haifai kudai kwamba bara ndiko kulikolipa pwani bao, kama wengine walivyopenda kudai kinyume chake. Kinachodaiwa hapa ni kidogo na imara zaidi: misafara haikukuta nchi tupu. Ilikuta watu waliokwisha kuwa na mchezo wa safu nne na jina lao wenyewe la kuuita.

Misafara ilileta nini?

Kama ndivyo, Burton aliona nini alipowaona Wanyamwezi wakicheza bao la pwani? Jibu laweza kupatikana katika msamiati wa bao la Kiswahili wenyewe. Nyumba, mtaji, safari: mchezaji ambaye kete zake zinaishia katika nyumba anayoimiliki bado, huchagua ama kusimama ama kusafiri nayo, na hoja ya kula huitwa kwa neno lilelile la mali ya kuanzia biashara. Hata namua ni neno la kutoa kilichonaswa. Huu ni msamiati wa watu wa mji, wenye nyumba za kurithi, mali ya kuzungusha na safari za kwenda na kurudi. Yaelekea kwamba umbo hili la mchezo, lenye nyumba na sehemu mbili, lilikuzwa katika miji ya pwani, na kwamba ndilo walilojifunza wale waliofika huko na mizigo yao. Watu ambao Burton aliwaona kuwa wamestaarabika zaidi, kwa kadiri iwezavyo kukisiwa, ni wale waliokuwa wamesafiri zaidi.

Jambo hili lina mfano wake katika lugha. Kiswahili kilipanda njia hiyohiyo, kikawa lugha ya soko la Tabora, na wapagazi wengi wa Kinyamwezi wakakisema vizuri. Hakuna mchunguzi hata mmoja aliyepata kusema kwamba Wanyamwezi hawakuwa na lugha kabla ya Kiswahili. Walikuwa na yao, wakaongeza nyingine. Mtu wa lugha mbili huijua kila moja na mahali pake: hii ya nyumbani, ile ya njiani. Vivyo hivyo mtu aliyejua isolo akajifunza bao hakutoka katika ujinga kuingia katika maarifa. Alikuwa na mchezo mmoja, sasa akawa na miwili. Tena upesi aliojifunza nao mchezo mgumu kama huu haueleweki vizuri ila kwa kukubali kwamba mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea kugawa kete, na jicho lake limekwisha kuzoea kuuona mwisho wa mzunguko.

Hivyo dai la pili linabaki na kipimo chake tu, nacho ni kipimo cha pwani. Neno ustaarabu lenyewe limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kujifanya au kuwa kama Mwarabu. Burton, aliyekuwa hodari katika Kiarabu, alipata mengi ya maelezo yake kutoka kwa Snay bin Amir. Hata maneno ya Kinyamwezi aliyoyakusanya yalipitia msaada wa mwenyeji huyo. Masikio yaliyosikia kwa msaada wa Mwarabu wa Kazeh yalikuwa tayari kulisikia neno bao, na hayakuwa tayari kulisikia jina jingine.

Wahakiki wa baadaye

Baada ya Burton hukumu ya dunia juu ya michezo hii ilibadilika sana, na mabadiliko hayo yanastahili kufuatwa. Stewart Culin, Mmarekani aliyetunza makusanyo ya michezo katika majumba ya makumbusho, alichapisha katika miaka ya 1890 insha iliyoiita jamii yote hii ya michezo mchezo wa taifa wa Afrika. Ilikuwa sifa kubwa, ingawa yeye alianzia katika mchezo wa safu mbili wa watu wa Syria. W. H. Ingrams alieleza bao katika kitabu chake cha mwaka 1931 juu ya Zanzibar, mahali alipotumikia. H. J. R. Murray, mwanahistoria wa sataranji, aliipa michezo ya mashimo sehemu nzima katika kitabu chake cha mwaka 1952, akaipanga kwa idadi ya safu zake. Kwa watu hawa bao halikuwa tena ubaya wa tabia. Lilikuwa kitu cha kupangwa, kulinganishwa na kuhifadhiwa.

Katika kizazi kilichofuata uchunguzi ulizidi kwenda ndani. Philip Townshend alichunguza michezo hii katika Zaire, Rwanda na Burundi, akachapisha kazi yake mwaka 1977. Mwaka 1979 akaandika juu ya kuenea kwake katika Afrika Mashariki na Kusini, na mwaka 1982 juu ya bao na maadili ya Waswahili. Alex de Voogt, katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995, aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar ili kujua mipaka ya akili ya binadamu katika kuhesabu na kukumbuka. Swali lilikuwa limegeuka kabisa. Burton aliuliza mchezo huu unamharibu mtu kwa kiasi gani. De Voogt aliuliza unaonyesha nini juu ya uwezo wa mtu.

Kisha ikaja kompyuta. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht walieleza jinsi ya kuandika programu ya kucheza bao, na mwaka 2006 Donkers, pamoja na Tom Kronenburg na de Voogt, waliandika juu ya hoja zisizokwisha. Walionyesha kwamba, kwa kufuata sheria kama zilivyo, zipo hali ambazo mkono ungeendelea kuchota na kugawa milele. Mchezo ambao msafiri wa mwaka 1857 aliuweka kando ya kurusha kigae ulikuwa sasa unawapa kazi wataalamu wa hesabu.

Hata hivyo katika heshima hii mpya kuna alama ya zamani. Mabingwa waliochunguzwa ni wa pwani na visiwa. Sheria zilizoandikwa kwa ajili ya mashine ni za Zanzibar. Na jina linaloandikwa juu ya karibu kila ubao wa safu nne kutoka Tanzania, popote ulikochongwa, ni bao. Townshend alikwenda bara, na kwa hilo anastahili shukrani, lakini wengi wa waliofuata walisimama pwani. Wameikataa hukumu ya Burton juu ya thamani ya mchezo, wakaiacha hukumu yake juu ya asili yake isimame bila kuhojiwa. Kwa njia hiyo isolo imebaki kuwa tanbihi katika historia ya bao, hali yaweza kuwa ni sura yake ya kwanza.

Kijana wa Butiama

Habari moja inayosimuliwa katika maisha ya Julius Nyerere yafaa kuwekwa kando ya mistari ya Burton. Nyerere alizaliwa mwaka 1922 huko Butiama, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alikuwa hodari wa soro kiasi cha kumshangaza Mtemi Makongoro wa Ikizu, rafiki wa baba yake, na kwamba mtemi huyo alimshauri Burito ampeleke mtoto shule. Alianza shule Musoma mwaka 1934. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, katika shule ya serikali, akakaa huko mpaka mwaka 1942. Na baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's.

Masimulizi ya watu wakubwa hupambwa, na haitupasi kuyafanya ushahidi wa mambo yasiyoyahusu. Lakini hili moja li wazi: wazee wa Ikizu na Butiama waliosimulia habari hii waliuona ustadi wa soro kuwa ni dalili ya akili inayostahili kupewa nafasi, na hawakuhitaji mgeni wa kuwafundisha kuona hivyo. Uhakiki wa mchezo huu ulikuwapo bara kabla ya vitabu, na wahakiki wake walikuwa wachezaji wenyewe. Katika mji uleule ambako Burton aliandika kwamba mchezo humfikisha mtu utumwani, alifika miaka 80 baadaye kijana ambaye, kwa kauli ya wazee wake, mchezo ulimfikisha shuleni.

Kazi iliyobaki

Hoja ya majina inaweza kujaribiwa zaidi kwa njia iliyo rahisi na isiyo na gharama kubwa. Katika Uyui, Sikonge, Urambo, Nzega na Igunga wako wazee wanaocheza, na kila mchezo una maneno yake ya ndani: jina la shimo, la kete, la kuchota, la kula, la kulala, la kushindwa. Maneno hayo yakusanywe kwa Kinyamwezi na Kisukuma, yalinganishwe na ya Zanzibar, kisha yatengwe mafungu mawili. Ikiwa maneno ya shimo, kete na kugawa ni ya lugha za bara, na ya nyumba, namua na mtaji ni ya Kiswahili, tutakuwa tumepata picha ya umbo jipya lililojengwa juu ya msingi wa kale. Ikiwa yote ni ya Kiswahili, hoja ya makala haya itapungua nguvu, na haki itakuwa kulikubali hilo. Ikiwa yote ni ya bara, itatubidi kuuliza upya hata juu ya pwani.

Kazi hii haiwezi kungojea sana. Vijana wengi wa Tabora waonao ubao wa safu nne husema bao, kwa sababu ndilo jina lililomo katika vitabu vya shule na katika Kiswahili chao cha kila siku. Na jina likiisha kutoka kinywani, ushahidi uliokuwa ndani yake hutoka nalo. Kiswahili hakitapungukiwa na kitu kwa kukiri kwamba kilipofika Unyanyembe kilikuta mchezo umekwisha kuanza. Kitakuwa kimewarudishia wenye mchezo haki ambayo mistari michache ya mwaka 1860 iliwanyima.